Mkono wa Kulia Kwanza

Mimi ni mtu wa kushuku. Ukinipa ndizi ambayo sikuiomba, nitaigeuza nione upande uliooza. Mama yangu alikuwa hivyo, na mama yake pia, na nadhani ndiyo sababu kihamba chetu cha Mwika, shamba la ukoo, hakijapungua wakati majirani wengine wamemegewa mipaka wakiwa wamelala. Kwa hiyo mzee mmoja wa Majengo, mjini Moshi, aliponiambia kwamba atanifundisha kupiga udi na hataki malipo yoyote, sikusema ahsante. Nilimwuliza kwa nini.

"Kwa sababu umekuja," alisema.

Jibu gani hilo? Nilipanda nalo mlimani jioni ile, nikamsimulia dada yangu tukiwa jikoni. Dada yangu ananizidi umri kidogo na ananizidi kushuku mara nyingi. Aliacha kumenya ndizi, akanitazama.

"Mdogo wangu, bure ni ghali," alisema. "Huyo anataka kitu. Wewe subiri tu."

Nikasubiri. Lakini nilirudi kwake wiki iliyofuata, kwa sababu sikuwa na pengine pa kwenda.

Tangu nikiwa msichana nilikuwa mpiga gitaa wa kwaya ya usharika wetu. Nilipiga kwa vidole, gumba likitembea chini kwenye nyuzi nene na vidole vingine vikichezea juu, na wazee walikuwa wakisema kwamba hata kama kwaya ingekohoa mimi ningeifunika. Kisha kidole cha kati na cha pete vya mkono wa kulia vikaanza kukakamaa. Asubuhi ilibidi nivikunjue kwa mkono mwingine. Daktari alisema ni viungo, kwamba vitaendelea kukaza polepole, na kwamba nipumzishe mkono. Kupumzisha mkono, mtu mwenye ng'ombe ndani! Kwaya haikungoja nipone. Ilinunua kinanda kinachojipigia ngoma chenyewe, ikamweka kijana wa kukibonyeza, nami nikapewa kazi ya kutunza sare. Walinipigia makofi siku hiyo. Niliumia vibaya, na bado sijawasamehe wote.

Udi niliupata kwa familia moja ya wafanyabiashara wa Kihindi waliokuwa wakihama mji na kuuza vyombo vya nyumbani. Ulikuwa umetundikwa ukutani kama pambo, tumbo lake la duara limejaa vumbi. Nilikwenda kununua kabati. Mwenye nyumba alinieleza kwamba udi haupigwi kwa vidole, bali kwa kipigio, kipande kirefu cha plastiki ngumu kinachoshikwa kwa gumba na kidole cha shahada, vidole vingine vikiwa vimekunjwa tu. Nikatazama vidole vyangu. Vilikuwa vimekunjwa tayari. Kabati nililiacha.

Ndivyo ilivyokuwa, na naomba msomaji alielewe hili kabla sijaendelea. Udi ulikuwa mlango wa mwisho uliobaki kwangu katika mambo ya muziki, na sikujua utakaa wazi kwa muda gani. Leo ni vidole viwili. Kesho ni gumba. Nilitaka kujifunza upesi, na kila aliyenichelewesha nilimwona adui.

Mzee alinichelewesha tangu siku ya kwanza.

Alikuwa mtu wa Pangani, aliyeletwa Moshi na kazi ya reli ujanani akabaki. Mkewe alikuwa amefariki na watoto wake wako Dar. Nilielekezwa kwake na mama muuza vitumbua, ambaye alisema kwamba zamani hakukuwa na harusi Majengo bila mzee huyo na udi wake. Nilimkuta ameketi barazani, amevaa koti. Joto la Moshi mnalijua, na lile lilikuwa la mwezi wa pili. Nikajiambia, mtu anayevaa koti kwenye jua hili ana lake jambo.

"Mkono wa kulia kwanza," alisema. "Wa kushoto uweke chini. Usishike popote."

Basi nikapiga nyuzi tupu. Nyuzi za udi zimepangwa mbili mbili, na kipigio lazima kiziguse zote mbili kwa pamoja, la sivyo moja inalia na nyingine inanung'unika. Mimi nilizoea kuchomoa uzi mmoja mmoja kwa kucha. Kila nilipopiga, nilikuwa naukokota uzi kuelekea kwangu.

"Unachota," alisema. "Hapa si kisimani. Angusha mkono."

Nikaangusha mkono, kipigio kikaniponyoka kikaingia tumboni mwa udi. Ilibidi nisimame na kuutikisa udi kichwa chini mpaka kikatoka. Mzee alicheka sana. Nikacheka nami, lakini kwa nje tu.

Sijui kama mtu asiyewahi kujaribu anaweza kuelewa ugumu wake. Mgongo wa udi ni wa mviringo na unateleza mapajani, kwa hiyo mkono uleule wa kulia unaopiga ndio unaoubana udi usianguke. Ukibana sana, kiwiko kinakuwa kigumu na pigo linakuwa gumu. Ukilegeza, udi unageuka uso juu kama mtoto anayetaka kuona wageni. Kiganja kinatakiwa kining'inie kutoka kwenye kifundo cha mkono, kiwe kizito, na pigo la kushuka lianguke lenyewe na kutua kwenye uzi unaofuata. La kupanda ni kazi nyingine. Langu lilikuwa jembamba, halisikiki, na mzee alinikatalia kuendelea mpaka yale mawili yasikike kama yametoka kwa mtu mmoja. Halafu kuna mtetemo, kushuka na kupanda haraka mpaka sauti iwe moja isiyokatika. Nilipojaribu mtetemo, bega langu lilipanda hadi sikioni.

"Bega linataka nini huko?" aliuliza. "Literemshe, mama. Halijaalikwa."

Wiki zikawa miezi. Mvua za masika zilikuja, zikaisha, tukaingia kwenye baridi ya mwezi wa sita, na mimi bado nilikuwa kwenye nyuzi tupu. Mkono wangu wa kushoto ulikaa bila kazi kwenye mguu wangu, mkono mzima, wenye vidole vyote vitano vinavyotii. Kila nilipouinua, aliniambia niuweke chini.

Nikaanza kumchunguza.

Jambo la kwanza, hakuwahi kunipigia wimbo. Alichukua udi wangu, akauegemeza shingo yake kwenye mkono wa kiti, akaonyesha pigo kwenye nyuzi tupu, akanirudishia. Lilikuwa pigo zuri, zito na laini. Lakini wimbo hakupiga. Jambo la pili, alipotaka nyuzi zikazwe, hakuzikaza. Alipiga uzi na kuniamuru mimi nizungushe vigingi, kaza, legeza, kaza kidogo, mpaka sauti ikae sawa. Chai ilikuwa kwenye chupa, imepikwa na jirani, na kumimina ilikuwa kazi yangu. Nilijisemea kwamba nimekuja kufundishwa udi nimegeuzwa mtumishi.

Na kuna lililonichoma zaidi. Kila nilipoteremka nilimletea kitu kutoka shambani, mkungu mdogo wa ndizi mshare au maziwa. Kwetu mkubwa kwa mdogo hupokea kitu kwa mikono miwili, au angalau kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukigusa kiwiko, kuonyesha kwamba umekipokea kwa moyo. Mzee huyu alinyoosha mkono mmoja tu. Mwingine uliendelea kukaa mfukoni mwa koti, umestarehe. Alisema ahsante vizuri, kwa Kiswahili kile chao cha kuimba, lakini mkono haukutoka. Nikakumbuka yote niliyowahi kusikia juu ya watu wa pwani na jinsi wanavyotuona sisi wa bara washamba. Kiburi, nilijiambia. Anakula ndizi zetu kwa mkono mmoja.

Siku moja niliwahi kufika. Nikiwa bado njiani nilisikia udi ndani ya nyumba yake. Zilikuwa nyuzi tupu, mtetemo mrefu sana usio na ufa hata mmoja, ukishuka na kupanda. Nikasimama kusubiri wimbo uanze. Nikapiga hodi kwa kukosa subira, na udi ukanyamaza papo hapo.

"Endelea, mwalimu," nilisema mlangoni. "Acha nisikilize."

"Nimechoka," alisema. "Kaa. Mkono wa kulia."

Hapo nikawa na hakika. Anaficha. Ana nyimbo zake na hataki ziibiwe na mwanamke wa Kichaga anayeshuka na ndizi. Nilipomweleza dada yangu, alipiga paja.

"Nilikwambia! Ananyima huyo! Atakushikisha nyuzi tupu mpaka mkono ufe, halafu aseme hukuwa na kipaji."

Mpaka mkono ufe. Neno hilo lilinikosesha raha wiki nzima, kwa sababu kidole cha shahada kilikuwa kimeanza kuuma asubuhi. Sikumwambia mtu.

Niliposhuka mara iliyofuata sikutoa udi kwenye mfuko wake. Nilimwamkia shikamoo kwa sababu adabu ni adabu, akaitikia, kisha nikasema niliyokuja nayo.

"Mwalimu, leo nataka mkono wa kushoto."

"Bado."

"Mpaka lini?"

"Mpaka wa kulia uive."

Nikanyoosha mkono wangu wa kulia mbele ya uso wake. "Huu hauivi, unakauka! Tazama. Hiki hakikunjuki. Hiki nacho kimeanza. Wewe unajua hili, nilikwambia siku ya kwanza. Unanipotezea mkono wangu, mzee. Kama una choyo na nyimbo zako sema tu, nikatafute kwingine."

Alitazama vidole vyangu kwa muda. Uso wake ulibadilika, nami nikaona ni hasira, au ndivyo nilivyotaka kuona.

"Basi nenda," alisema kwa sauti ndogo.

Nikaenda. Nilisahau hata kuchukua chombo cha maziwa.

Nyumbani nilifunga mlango, nikakaa na udi, nikaweka mkono wa kushoto shingoni mwake bila ruhusa ya mtu. Udi hauna vyuma vya kukuonyesha mahali pa kubonyeza kama gitaa, kwa hiyo mwanzoni vidole vilitangatanga. Lakini sikio langu lilijua linachotafuta. Kabla chai haijapoa nilikuwa nimepata pambio la Jumapili, kwanza likiwa limepinda, kisha limenyooka. Na mkono wa kulia ulipiga wenyewe, mzito, laini, bega likiwa chini. Nilipaswa kufurahi. Badala yake nilishikwa na hasira. Kumbe hakukuwa na siri yoyote! Ningeweza kupiga nyimbo tangu masika. Yule mzee alikuwa amenikalisha pale bure, na sikuweza kufikiri sababu nyingine zaidi ya roho mbaya.

Jumamosi moja baadaye nilikuwa nakata majani ya ng'ombe nikasikia mbwa akibweka upande wa mpaka. Mpaka wetu, kama mipaka mingi ya huku, ni mstari wa masale, ile mimea mirefu ya majani membamba ambayo hakuna mtu mwenye akili anayeigusa bila kumwita mwenye shamba. Nikaona mgongo wa mtu ameinama, anavuta. Anang'oa masale! Nilikimbia na panga mkononi, nikiwa nimeshapanga maneno ya kumwambia jirani yangu mbele ya balozi wa nyumba kumi.

Hakuwa jirani. Alikuwa mzee wa Majengo, amevaa koti lake, viatu vimejaa udongo mwekundu, anavuta jani la isale kwa mkono mmoja huku amelikanyaga shina kwa mguu. Jani likakatika, nusura aanguke. Bodaboda aliyemleta alikuwa amesimama barabarani, anatazama panga langu.

"Mzee! Unafanya nini kwenye mpaka wangu?"

"Nimekuja kwako," alisema akihema. Akaninyooshea lile jani.

Hapa inabidi nieleze. Kwetu mtu akikukosea, anachukua jani la isale, analifunga fundo, anakuletea. Ukiletewa isale lenye fundo huna ruhusa ya kukataa, hata kama aliyelileta alichoma nyumba yako. Unasamehe, basi. Mzee alikuwa ameishi Moshi miaka mingi na bila shaka alilijua hilo, au aliuliza njiani. Lakini jani aliloninyooshea lilikuwa limenyooka. Halikuwa na fundo. Isale lisilofungwa ni jani tu, na la kwangu mwenyewe isitoshe. Nikaona amekuja kunidhihaki hadi nyumbani.

"Halijafungwa," nilisema.

"Najua."

"Sasa ni nini hicho unachoniletea?"

"Sijaweza kulifunga."

"Mtu mzima ashindwe kufunga jani?"

Alibana jani kwa meno, kisha mkono wake wa kulia ukaingia kwenye mfuko wa kushoto wa koti na kuutoa mkono mwingine. Aliushika kwenye kifundo, akautoa, akauachilia. Ukaanguka ukaning'inia pembeni. Vidole vilikuwa vimevimba kidogo na kupauka kwa kukaa gizani. Havikufanya chochote.

Panga liliniponyoka. Nilimshika, nikamkalisha kwenye benchi la nje, na maswali yangu yote nikayasahau, kwa hiyo aliongea yeye. Alisema alipata kiharusi usingizini, mwaka mmoja baada ya kumzika mkewe. Mguu ulirudi, mkono haukurudi. Watoto hawajui, kwa sababu wakijua watamhamishia Dar akakae kwenye chumba cha nyuma, na huko atakufa. Jirani anayempikia chai anajua, basi.

"Nyimbo ziko huku," alisema akigusa kichwa chake. "Mkono wa kulia unazo nusu. Nusu nyingine sina. Nitakuonyesha nini kwa mkono wa kushoto?"

Nililia. Nilifikiria zile ndizi alizopokea kwa mkono mmoja, na yote niliyosema juu yake jikoni na dada yangu. Lakini mimi ni mtu wa kushuku, na hata katika machozi kuna swali lililobaki, nikaliuliza.

"Ungeweza kunieleza kwa mdomo. Bonyeza hapa, bonyeza pale. Kwa nini hukunieleza?"

Akanitazama usoni.

"Siku ya kwanza ulisema umepiga gitaa miaka yote. Nilijua sikio unalo na mkono wa kushoto unao. Ningekuruhusu, ungepata wimbo siku hiyohiyo, ukaondoka zako. Hakuna mtu mwingine anayekuja."

"Kwa hiyo ulinichelewesha. Kwa makusudi."

"Ndiyo."

"Ukijua mkono wangu unakufa."

"Ndiyo, mama. Nilijua kuliko mtu yeyote."

Basi nilikuwa nimeshuku sawasawa, na haikunisaidia kitu. Nilikuwa na huruma na nilikuwa na hasira, zote mbili kwa ukamilifu wake, na hakuna iliyoipunguza nyingine. Jani lilikuwa juu ya goti lake. Kwa desturi sikulazimika. Halikuwa na fundo, hakuna mzee wa ukoo ambaye angenilaumu kama ningemwita bodaboda na kumwambia amrudishe mjini. Nilikaa nikilitazama kwa muda mrefu kuliko inavyopendeza kusimulia.

Kisha nikalichukua. Nilijaribu kulifunga, vidole vyangu vikagoma kwenye kitanzi, vikagoma tena. Akashika ncha moja akavuta, nami nikashika nyingine. Likafungika vibaya, lakini likafungika.

"Hebu nisikie ulipofika," alisema.

Nikaleta udi nje. Nikapiga lile pambio, mikono yote miwili, kwa mara ya kwanza mbele ya mtu. Mzee alifumba macho. Mkono wake wa kulia ulianza kupiga pamoja nami, kushuka, kupanda, ukishika kipigio kisichokuwepo, na chini yake, mapajani, mahali pa nyuzi, alikuwa ameulaza ule wa kushoto. Alikuwa akiupiga kwa nguvu. Nilipofika kwenye mtetemo niliona ngozi yake imeanza kuvimba, nikasita.

"Mwalimu, unajiumiza."

"Huo hausikii," alisema, macho bado yamefumbwa. "Wewe piga."